Kiboko Mwenye Sura ya Mama Ivan

Roselyne Achieng hawezi kubuni sura. Mwambie achore mti ambao haujawahi kuota popote duniani, atauchora, na utatamani kukaa kivulini mwake. Lakini mwambie achore mtu, au mbuzi, au hata samaki, mkono wake utakwenda wenyewe hadi kwa mtu anayemjua. Hivi ndivyo alivyo tangu akiwa msichana kule Muhoroni, alipokuwa akimfuata mjomba wake Otieno na mkebe wa rangi kutoka duka moja hadi jingine.

Otieno alikuwa mwandishi wa mabango ya maduka. Herufi zake zilinyooka kama reli, lakini picha zilimshinda. Ng'ombe wake walikuwa kama meza. Kwa hiyo yeye aliandika na mpwa wake akachora. Kwa kinyozi, Roselyne alichora vichwa vinne vyenye mitindo minne ya nywele, na vyote vinne vilikuwa kichwa cha Otieno. Hakuna aliyelalamika. Shida ilianza bucha.

Mwenye bucha alitaka ng'ombe anayetabasamu. Roselyne akachora pembe, akachora macho, akachora mdomo, kisha akarudi nyuma hatua chache kuangalia kazi yake. Pale ukutani, naibu wa chifu alikuwa akimtazama.

Otieno alishika kichwa. "Mvalishe miwani ya jua," alisema. "Haraka."

Roselyne akamvalisha. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu naibu wa chifu mwenyewe hakuwa akivua miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Kufikia jioni soko zima lilikuwa limekuja kuangalia. Mwenye bucha alikataa kabisa kumfuta ng'ombe yule, maana watu walikuja kucheka wakaondoka na nyama. Mwishowe naibu wa chifu alimleta mtu wake na ndoo ya rangi ya kijani. Rangi hiyo ilikuwa hafifu. Mvua ikinyesha sana, miwani ilianza kuonekana tena.

Haya alitusimulia yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, sisi tunaosali naye hapa Birmingham. Alifika akimfuata mume wake Kipchumba, muuguzi, mtu mrefu asiye na maneno mengi, aliyekuwa amepata kazi hospitalini. Walipanga nyumba Saltley, katika safu ya nyumba zilizoshikana mgongo na mbavu, ambapo ukipiga chafya jirani anakutakia afya. Roselyne alitembea barabara zote za karibu akitafuta ukuta wa kuchora. Hapakuwa na ukuta. Mabango yote yalikuwa ya plastiki na yalitoka kwenye kompyuta. Akaingia kazi ya kutunza wazee, kama wengi wetu.

Kwenye nyumba ya wazee alichora nyuma ya karatasi za menyu. Aliwachora wazee wakiwa ndege. Wazee walizipenda picha zile kiasi cha kugombana ni nani bundi na ni nani bata. Ndipo Fartun alipomwona.

Fartun alifanya kazi naye zamu za asubuhi. Ni Msomali wa Kenya, aliyekulia Garissa, akapitia Uholanzi kabla ya kufika hapa, na kati yake na Roselyne lugha ya kusengenyana ni Kiswahili. Jumamosi alifundisha watoto Kiswahili katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa pale Alum Rock. Watoto walikuwa wa kila aina, Wakenya, Wasomali, Wakongo wachache, na wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Ukiwaongelesha Kiswahili wanakuelewa, halafu wanakujibu kwa Kiingereza.

"Wallahi, Roselyne, nimechoka," Fartun alisema siku moja wakikunja mashuka. "Nimewasomea kitabu cha sungura na shamba la mihogo. Wananiuliza muhogo ni nini. Nimewanunulia muhogo, nikauweka mezani. Wananiuliza kama ni silaha."

"Sasa?"

"Sasa nataka kitabu cha hapa. Kuwe na mvua. Kuwe na basi linalochelewa. Hadithi nimeshaandika. Ni kiboko anayeogopa mvua, na anaishi Birmingham."

"Maskini," alisema Roselyne. "Atakufa na woga."

"Ndiyo hadithi yenyewe. Hatoki nyumbani. Majirani wote wanakuja mlangoni kumwita mpaka anatoka. Wewe unachora."

Roselyne alikubali kabla ya kufikiri, na Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, akaketi kwenye meza ya jikoni na rangi za maji.

Hapo lazima nimtaje Mama Ivan. Mama Ivan ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Ni mkubwa kwa mwili, ni mkubwa kwa sauti, na ndiye anayejua kila kitu kinachofaa kujulikana: unga unauzwa wapi, daktari gani anasikiliza, maiti inasafirishwaje. Kila mmoja wetu siku ya kwanza alipofika, Mama Ivan alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, pua juu, kisha akamtafutia koti. Tunampenda na tunamwogopa, na sidhani tunaweza kutenganisha mambo hayo mawili. Jumapili ile Roselyne alikuwa ameketi nyuma yake ibada nzima.

Kiboko akatoka karatasini. Audrey, binti yao wa miaka kumi na miwili, alipita akielekea kwenye friji, akatupa jicho mezani, akasimama. Akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwa nini Mama Ivan amesimama kwenye dimbwi.

Roselyne aliichana karatasi ile. Akachora kiboko mwingine, akampa masharubu. Akatoka Mama Ivan mwenye masharubu. Akamchora mwembamba. Akatoka Mama Ivan baada ya mfungo. Akaamua kumchora kwa nyuma, asionekane uso kabisa, akamwita mume wake.

Kipchumba aliangalia kwa muda mrefu. "Huyu anaenda kukagua jikoni," alisema.

"Baba Audrey, nitafanya nini?"

"Umewahi kumwona kiboko wa kweli?"

Roselyne alifikiri. Hakuwa amewahi. Alikulia safari fupi tu kutoka ziwa lenye viboko, na hakuwahi kumwona hata mmoja. Wazungu aliowahudumia kazini walikuwa wakimuuliza kuhusu simba, naye alikuwa akijibu kwa kuguna tu, maana yeye pia simba alikuwa amewaona kwenye televisheni peke yake.

Basi wakaenda kwenye bustani ya wanyama nje ya mji, ile ambayo unaingia na gari lako na wanyama wanakuzunguka. Ilikuwa ikinyesha. Viboko walikuwa ndani ya maji, wote, na kilichoonekana ni matundu ya pua na masikio. Roselyne alisubiri dirishani na penseli mkononi. Matundu ya pua yakapumua. Yakazama. Yakatokea mahali pengine.

"Kenya nzima nilikaa bila kuona kiboko," alisema kwa uchungu. "Nimekuja hadi Uingereza, nimelipa kiingilio, naonyeshwa pua."

Wakati huo nyani mmoja alipanda juu ya gari, akaketi mbele ya kioo kama mkaguzi wa tiketi, akang'oa wipa ya upande wa dereva na kuondoka nayo bila haraka. Kipchumba aliendesha gari hadi Saltley akiwa ameinamia upande wa abiria, akichungulia kupitia nusu ya kioo iliyokuwa ikifutwa, na Roselyne amebanwa mlangoni, na Audrey nyuma akicheka hadi akashikwa na kwikwi.

Picha zikaisha. Roselyne alijitahidi. Alipunguza midomo, aliongeza masikio, alibadilisha rangi ya ngozi ikawa ya zambarau. Akajiambia kwamba ni yeye tu anayeona, kwa sababu anajua. Akabeba kazi yake pamoja na Fartun hadi Hockley, kwa Jaspreet, mwanamke mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa nyuma ya karakana za mafundi wa vito.

Jaspreet alifungua ukurasa wa kwanza, akainua nyusi. "Huyu mama namjua," alisema. "Huwa anakuja kuchapisha programu za mazishi. Mara ya mwisho aliniambia maua yangu hayana huzuni ya kutosha."

Roselyne aliketi juu ya bunda la karatasi.

"Mama gani?" aliuliza Fartun, ambaye kanisani kwetu hajawahi kufika, ni Mwislamu, na wala hakuwa akijua chochote. Roselyne ikabidi amweleze.

"Ni mkali?" Fartun aliuliza.

"Si mkali. Ni mkubwa."

"Basi asione. Uzinduzi ni Jumamosi. Kwani atakuwa wapi Jumamosi?"

Jumamosi hiyo, kwa bahati, Mama Ivan alikuwa na harusi Leicester. Wakapumua. Jaspreet akasema atachapa, na kwa kuwa alikuwa amempenda kiboko yule, angewaongezea zawadi ndogo.

Ile zawadi ndogo Roselyne aliiona siku yenyewe, alipoingia ukumbini. Ni ukumbi wa jamii hapa Saltley, ule ule ambao kanisa letu hukodi Jumapili. Jukwaani kulikuwa na bango lililoanzia darini likafika sakafuni, na juu yake kichwa cha kiboko, kikubwa kama mlango wa gereji, kikiwatazama watu wote polepole, pua juu.

Sisi tulikuwa tumeshaketi. Tulikuwa tumenyamaza kwa heshima, kama watu walioingia ofisini wakamkuta bosi. Mtu mmoja nyuma yangu alisema "Bwana asifiwe" kwa sauti ya chini. Roselyne alikuwa akimwomba Fartun walishushe bango, na Fartun alikuwa akitafuta ngazi, ndipo tukasikia sauti kutoka jikoni.

"Nani ameweka sufuria hii hapa?"

Harusi ya Leicester ilikuwa imeahirishwa, bwana harusi alikuwa ameteguka mguu. Mama Ivan alikuwa amesikia kwamba kuna shughuli kwenye ukumbi wake, na kwamba hakuna aliyemwomba asimamie chai. Alitoka jikoni akijifuta mikono, amevaa kofia yake ya manyoya ambayo haivui tangu Septemba hadi Mei, akaja hadi katikati ya ukumbi, akainua macho.

Akatazama. Akasogea karibu. Bango nalo likamtazama.

"Namjua huyu," alisema.

Roselyne aliniambia baadaye kwamba alikuwa akipima umbali wa mlango wa dharura.

"Namjua kabisa!" Mama Ivan akapiga makofi. "Huyu ni dada yangu Zipora!"

Akaangua kicheko. Alicheka akashika kiti, akacheka akaketi, akavua miwani akaifuta akacheka tena. Sisi tulibaki tukitazamana. Kisha akatoa simu akampigia Zipora kwa video kule Webuye, na Zipora akatokea kwenye kioo akiwa uwanjani kwake, akianika nguo.

"Zipora! Umeingia kwenye kitabu huku Uingereza!"

"Kitabu gani, dada?"

"Angalia mwenyewe! Angalia pua! Angalia hiyo midomo! Na unavyosimama kama mtu aliyekuja kudai kodi!" Akaielekeza simu kwenye bango.

Zipora aliacha nguo zake. Akaleta uso karibu na simu hadi tukaona jicho moja tu.

"Dada," alisema, "huyo si mimi. Huyo ni wewe."

"Mimi?"

"Ni wewe mtupu. Ni mimi niliyekuwa nikijifunika gunia nikienda kisimani kwa sababu kuna mawingu? Ni mimi?"

Mama Ivan aligeuka kutuangalia. "Ninyi watu mko hapa. Semeni."

Wengine tuliangalia viatu vyetu. Shemasi Cleopas alikumbuka kitu ndani ya mfuko wake akaanza kukitafuta. Lakini watoto wa darasa la Fartun hawakuwa na woga wetu. Walinyoosha vidole, wote, upande mmoja.

Mama Ivan akasimama. "Mama Audrey," alisema. "Njoo hapa."

Roselyne akaenda.

"Sema ukweli mbele ya hawa watu. Huyu ni mimi ama ni Zipora?"

Angeweza kudanganya. Zipora alikuwa mbali, na asingefika kumdai kitu. Lakini Mama Ivan alikuwa amesimama mbele yake na uso ule ule aliouchora mara nyingi hadi akaujua kuliko wake mwenyewe, na maneno ya uongo yalikataa kutoka.

"Ni wewe, Mama Ivan. Nilijaribu usiwe wewe. Nilikuwekea hata masharubu."

"Masharubu!"

"Niliyatoa."

Mama Ivan alinyoosha mkono, Fartun akampa kitabu. Akakisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, huku midomo ikicheza. Zipora naye alisubiri mkononi mwake, akionyeshwa dari. Tulimwona akifika pale kiboko anapochungulia mvua nyuma ya pazia na sigara ya jirani inazimika nje. Tukamwona akifika pale majirani wote wanapojaa mlangoni, na kiboko anatoka, na mvua inamnyeshea mgongoni, na anagundua kwamba yale ni maji tu. Kisha akafunga kitabu.

"Kofia iko wapi?" aliuliza.

"Kofia gani?" Roselyne alisema.

"Umewahi kuniona nikitoka kwenye mvua bila kofia? Kitabu hiki kitafika nyumbani. Watu watasema nini? Kwamba nimekaa Uingereza miaka yote hii nikakosa hata kofia?"

"Na viatu!" Zipora alipaza sauti kutoka kwenye simu.

"Wewe nyamaza, hukuchorwa," alisema Mama Ivan, akamkatia.

Halafu alivuta kiti hadi mbele ya watoto, akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza. Hakuna aliyemwomba. Fartun alikuwa na hotuba yake, alikuwa na kiongozi wa mtaa aliyealikwa kusema machache, yote yakasahaulika. Mama Ivan alisoma kwa sauti ya kuendesha harambee. Kiboko alipoogopa, aliogopa hadi kiti kikalia. Alipofika mahali majirani wanapoita, aliinua mkono kama kiongozi wa kwaya, na watoto wale wote, wa Alum Rock na Saltley, ambao Fartun alikuwa amewabembeleza mwaka mzima waseme neno moja la Kiswahili, wakapiga kelele hadi madirisha yakatetemeka:

"Toka nje!"

"Sitoki!" alijibu Mama Ivan.

"Toka nje!"

"Mvua itanilowesha!"

"Toka njeee!"

Fartun alikuwa ameegemea ukuta akilia na kucheka, na Kipchumba alikuwa akimpa karatasi za kujifuta moja baada ya nyingine. Roselyne alienda jikoni akala chapati mbili akiwa amesimama. Alisema hajawahi kusikia njaa kama ile.

Kitabu kilichapwa tena. Kiboko sasa ana kofia ya manyoya na viatu vya mvua vyenye maua, na maua yenyewe Mama Ivan aliyachagua kwa Jaspreet, baada ya mabishano. Kila Jumamosi anapanda ngazi za duka la vitambaa kwenda kusoma, na akipita Alum Rock watoto wanamwita Kiboko mbele ya mama zao. Mama hao wanataka kufa kwa aibu. Yeye anasimama, anatengeneza kofia, anawauliza kama wameshakula.

Roselyne amepunguza zamu. Ana meza yake sasa, dirishani sebuleni, na rangi ambazo Audrey haruhusiwi kugusa. Fartun ameandika hadithi nyingine, ya wanyama wanaogombea kiti cha juu kwenye basi la ghorofa, na hapo ndipo mateso mapya yalipoanzia, kwa sababu hakuna mtu katika jumuiya yetu asiyetaka kuwemo. Mke wa mchungaji alituma picha zake za harusi. Mtu mmoja wa Coventry, ambaye hatumjui, alipiga simu kuuliza kama nafasi ya twiga imechukuliwa.

Juzi nilipopita kwao nilimkuta Shemasi Cleopas ameketi sebuleni, amevaa suti ya kijivu, kifua mbele, kidevu juu, mikono kwenye magoti. Alikuwa amekuja kuchorwa akiwa simba. Alikuwa ameomba jambo hilo kwa unyenyekevu wiki kadhaa mfululizo, na Roselyne alikuwa ameshindwa kumkatalia.

"Nikunje uso kidogo?" aliuliza shemasi.

"Kaa tu unavyokaa," alisema Roselyne, mkono ukienda.

Audrey akaingia kuchukua chaja yake. Akapita nyuma ya mama yake, akainama kuangalia karatasi, akaziba mdomo kwa viganja viwili na kukimbilia jikoni. Tulimsikia akigonga kitu huko.

"Mtoto anacheka nini?" aliuliza Cleopas bila kugeuza shingo.

"Si kitu, shemasi. Inua kidevu."

Shemasi akainua kidevu, na Roselyne akachovya brashi, akaongeza ndevu chache nyeupe, ndefu, za mbuzi.